Shajara ya Mradi: Swichi Nne na Maneno Yake, Raskazone, Tanga

Shajara hii inahusu kazi ya kuondoa swichi za kawaida za mtandao wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi kilichopo Raskazone, na kuweka mahali pake swichi nne zinazosimamiwa, yaani zinazoweza kupangwa na kuulizwa hali zake: mbili za poti 24 na mbili za poti 8. Pamoja na kazi hiyo niliombwa niandike kurasa chache za Kiswahili zitakazobandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa, ili mwalimu wa maabara na wenzake waweze kusoma menyu ya swichi na kuelewa kila neno linafanya kazi gani. Nilidhani kurasa hizo zingekuwa kazi ndogo ya jioni. Zimechukua karibu nusu ya muda wangu, kwa kuwa makosa mawili makubwa tuliyoyapata katika mradi huu yalitokana na maneno, na vifaa havikuwa na hatia yoyote.

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Majengo ni matatu: utawala, maabara ya kompyuta na karakana. Kutoka kabati kuu la utawala hadi karakana ni mita 45, na hapo shaba inatosha. Kutoka kabati hilo hilo hadi maabara, nikifuata kuta na dari ambamo kebo itapita, futikamba imeonyesha mita 138. Ethaneti ya kebo ya shaba imewekewa kikomo cha mita 100 kati ya kifaa na kifaa, kwa hiyo kipande hicho kitakuwa cha faiba, kebo inayopitisha mwanga. Fundi aliyetangulia alikuwa amevuta shaba mita zote hizo na kukata safari katikati kwa swichi ndogo iliyowekwa juu ya dari, ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee wa ulinzi aliniambia kwamba mvua ikinyesha mtandao wa maabara hukatika, na alikuwa ameligundua jambo hilo kwa macho yake miaka miwili kabla sijafika mimi na kifaa cha kupimia.

Bahari iko karibu sana. Nilichomoa plagi moja iliyokuwa chini ya dirisha linalotazama maji, nikaiweka kwenye mwanga wa simu. Vibati vinane vya mbele vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na cha saba kutoka kushoto kilikuwa kimelika hadi kikawa chembamba kuliko wenzake. Kompyuta ya pale ilikuwa ikifanya kazi, na kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Lakini Ethaneti ya megabiti 1000 inahitaji jozi zote nne za nyaya, wakati ile ya megabiti 100 hutosheka na jozi mbili, na kwa sababu jozi ya cha saba na cha nane ilikuwa imekufa, muunganisho ulikuwa umeshuka wenyewe hadi 100. Chumvi inaharibu kimyakimya. Nimeagiza plagi mpya kwa dirisha lote la upande huo na vifuniko vya mpira.

Tatizo kubwa zaidi halionekani kwa macho. Kompyuta za wanafunzi, za wahasibu, kamera na simu za mezani, vyote vimo katika mtandao mmoja usio na kuta. Swichi ya kawaida, ile inayochomekwa ikawaka bila kuulizwa chochote, hujifunza anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za kadi za mtandao, na kupeleka kila fremu, yaani kila kifurushi cha data, kwenye poti inayostahili, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini fremu ya tangazo huipeleka kila mahali, na haijui kwamba kompyuta inayoandaa mishahara haipaswi kukaa chumba kimoja na maabara. Tena haijibu swali. Mtandao ukienda pole, haina cha kukuonyesha zaidi ya taa zake.

Wiki ya kwanza, Jumatano

Usanidi unafanyika mezani kwanza. Swichi zetu ni za watengenezaji wawili, kwa sababu mbili zilinunuliwa na chuo kabla sijaitwa, na tofauti hiyo imeanza kujionyesha kwenye kebo ya konsoli, ile ya kuipangia swichi moja kwa moja: mbili zinazungumza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde na mbili kwa 115200. Neno la siri la kiwandani limebadilishwa kabla ya jambo lingine lolote, kisha tukazielekeza saa zake kwenye seva ya NTP, kwa kuwa kumbukumbu ya matukio isiyo na saa sahihi haiwezi kumsaidia mtu anayetafuta nini kilianza na nini kilifuata.

Saa nne na nusu asubuhi umeme ulikatika. Ulipowaka tena, swichi ya kwanza ilirudi ikiwa tupu kama ilivyotoka kwenye boksi, na kazi ya saa nzima ikawa haipo. Katika swichi nyingi kuna usanidi wa aina mbili: unaofanya kazi wakati huu, ambao hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na kupotea umeme ukizimika, na ule unaosomwa swichi inapowaka. Amri ya kuhifadhi hunakili wa kwanza juu ya wa pili. Kwenye kurasa zangu nimeziita usanidi wa sasa na usanidi wa kuwashia, na nimeweka sentensi kwa herufi nzito kwamba kila badiliko lililothibitika lihifadhiwe papo hapo. Hata hivyo mpangilio huu una faida ambayo sipendi msomaji aikose: mtu akijifungia nje ya swichi kwa kosa la usanidi, na kama bado hajahifadhi, kuizima na kuiwasha humrudisha mahali alipokuwa salama. Ndiyo maana nahifadhi baada ya kujaribu, kamwe si kabla.

Jioni tulipandisha swichi kuu ya utawala kabatini, kwa sababu ofisi haziwezi kukaa siku mbili bila mtandao.

Wiki ya kwanza, Alhamisi

Kosa la kwanza la maneno. Nilimwachia msaidizi wangu rasimu ya ukurasa wa kwanza, nami nikaenda mjini kufuata vifaa vya faiba. Katika rasimu niliandika hivi: "Poti 23 izimwe katika swichi zote, itumike poti 22." Nilikuwa nasema juu ya njia mbili za kuingia kwenye swichi kutoka mbali: Telnet, ambayo hupitisha neno la siri waziwazi kwenye waya na ambayo namba yake ni 23, na SSH, ambayo husimba mazungumzo yote na namba yake ni 22. Saa sita mchana akanipigia simu.

"Kaka, zile kubwa nimeshazima poti ya 23. Hizi ndogo zinaishia 8, sasa nifanyeje?"

Alikuwa amezima tundu la ishirini na tatu kwenye swichi mbili za poti 24, kama karatasi ilivyosema, na tundu hilo katika swichi kuu ndilo lililokuwa likihudumia ofisi ya mkuu wa chuo. Hakukosea yeye. Neno moja limebeba vitu viwili, tundu la kuchomekea kebo na namba ya huduma ndani ya kompyuta, na mimi niliandika kama mtu anayejiandikia mwenyewe.

Mwalimu wa maabara alipendekeza kwamba tundu liitwe "bandari", kwa kuwa ndiyo tafsiri ya kamusi. Nilimweleza kwamba katika mji ambao watu huenda bandarini kila siku kupokea mizigo, neno hilo lina mwenyewe tayari, na mtu anayepokea maelekezo kwa simu katikati ya kelele atapoteza muda kulitafakari. Tulikubaliana hivi: tundu la swichi ni poti, kwa kuwa ndivyo mafundi wote wa hapa wanavyosema, na ile namba ya TCP au UDP ni namba ya huduma. Sentensi yangu sasa inasomeka: "Huduma ya Telnet, yenye namba ya huduma 23, izimwe, huduma ya SSH, yenye namba ya huduma 22, iwashwe." Ni ndefu mara mbili na haina shaka ndani yake.

Wiki ya kwanza, Jumamosi

Leo mtandao umepata kuta. Tumegawa VLAN tano, yaani mitandao mitano iliyotenganishwa ndani ya swichi zile zile: 10 ya utawala na fedha, 20 ya maabara, 30 ya kamera, 40 ya simu, na 99 ya kusimamia swichi zenyewe. VLAN 1, ambayo swichi huja nayo kutoka kiwandani na ambayo kila poti huzaliwa ndani yake, tumeiacha bila kifaa.

Kwa wanaosoma ukurasa huo mlangoni nimeeleza kwa robota la mkonge, kwa sababu hakuna mtu wa Tanga asiyelijua. Robota likitoka shambani hupigwa alama, na alama hiyo ndiyo inayolitofautisha na marobota ya mashamba mengine yanaposafiri ndani ya lori moja. Kompyuta ya mwanafunzi inapotuma fremu, fremu hiyo haina alama yoyote. Swichi ya maabara huipokea kwenye poti 7, hutazama kwamba poti hiyo ni ya VLAN 20, na fremu inapotoka kwenye faiba kuelekea utawala huivika lebo yenye namba 20. Faiba ni ile moja, na juu yake hupita fremu za kamera, za simu na za maabara zikiwa zimechanganyika. Upande wa pili, swichi kuu husoma lebo, huivua, na kuitoa fremu kwenye poti za VLAN 20 peke yake. Kompyuta mbili zilizoko miisho yote miwili hazijui kwamba kulikuwa na lebo.

Lebo hiyo imeelezwa katika kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998. Ni baiti 4, zinazoingizwa kati ya anwani ya mtumaji na sehemu inayotaja aina ya mzigo. Mbili za kwanza hubeba alama 8100 kwa hesabu ya heksadesimali, inayomwambia mpokeaji kwamba hapa kuna lebo. Katika biti 16 zinazobaki, 3 ni za kipaumbele, 1 huonyesha kama fremu yaweza kutupwa kwanza wakati wa msongamano, na 12 ni za namba ya VLAN. Biti 12 hutoa namba 4096, lakini 0 na 4095 zimetengwa, ndiyo maana swichi hukataa namba inayozidi 4094. Fremu iliyokuwa na upeo wa baiti 1518 sasa hufika 1522. Nimeyaandika haya kwa kirefu kwa sababu mwalimu aliuliza kwa nini ni 4094 na si 4000 au 5000, na swali la namna hiyo linastahili jibu kamili.

Jambo moja nimelisisitiza kwa Mama mhasibu, aliyeuliza kama sasa wanafunzi hawawezi kabisa kufika kwenye kompyuta zake. VLAN hutenganisha katika ngazi ya fremu; mawasiliano kati ya VLAN moja na nyingine lazima yapite kwenye ruta, na ni sheria za ruta zinazoamua nani apite. Kwa hiyo leo hawafiki, kwa sababu sheria ya kuwaruhusu haijaandikwa, na ataambiwa kabla haijaandikwa.

Wiki ya pili, Jumatatu

Siku ya kitanzi. Niliweka swichi mbili za poti 8 mezani bila kuziunganisha na kitu kingine, nikazima itifaki ya mti, ile inayozuia vitanzi, nikaunganisha kebo mbili kati yake na kompyuta mpakato moja pembeni. Kompyuta ilituma ulizo moja tu la ARP, lile linalouliza anwani fulani ya IP ni ya nani. Taa ambazo zilikuwa zikipepesa kwa zamu ziliwaka zote kwa pamoja na hazikuzima tena; baada ya muda mfupi feni ya kompyuta mpakato ikaanza kuvuma. Mwalimu wa maabara aliweka kidole karibu na zile taa kana kwamba anahesabu, kisha akauliza ni nani anayetuma sasa. Hakuna aliyekuwa akituma. Lilikuwa ulizo lile lile moja, likizunguka.

Pakiti ya IP ina hesabu ya hatua inayopunguzwa katika kila ruta mpaka ikafa. Fremu ya Ethaneti haina hesabu hiyo. Tangazo likiingia kwenye kitanzi litazunguka mpaka mtu achomoe kebo, na kila swichi inalizidisha kwenye kila poti yake. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alibuni itifaki ambayo swichi huitumia kukubaliana juu ya mti usio na kitanzi: huchagua moja kuwa mzizi, kila nyingine hutafuta njia yake fupi kuelekea mzizi huo, na njia za ziada huzibwa lakini hubaki tayari. Toleo la kwanza la kiwango, 802.1D la mwaka 1990, lilihitaji kati ya sekunde 30 na 50 kufungua njia ya akiba pale njia kuu ilipokatika. Toleo la haraka, 802.1w la mwaka 2001, kwa kawaida hufanya hivyo kwa sekunde chache au chini ya hapo, na ndilo tulilowasha.

Uchaguzi wa mzizi usiachwe ujifanyie wenyewe. Kila swichi huja na kipaumbele cha 32768, na zikilingana, hushinda ile yenye anwani ndogo zaidi ya MAC. Mara nyingi hiyo ndiyo swichi ya zamani kuliko zote, iliyosahauliwa katika chumba cha mwisho. Kipaumbele hupangwa kwa hatua za 4096, na namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Swichi kuu ya utawala nimeipa 4096. Poti za kompyuta nimezitangaza kuwa za ukingoni, na nimewasha ulinzi unaozima poti hiyo mara tu ujumbe wa itifaki ya mti unapoingia kupitia kwake, maana ujumbe huo una maana moja: mtu amechomeka swichi mahali pa kompyuta.

Wiki ya pili, Jumatano

Kosa la pili la maneno, na hili lilituchukua dakika arobaini huku karakana nzima ikiwa imekwama.

Kati ya utawala na karakana tumevuta kebo mbili, ili moja ikikatika nyingine iendelee. Mimi nilikuwa kwenye kabati kuu, msaidizi wangu karakana, tukizungumza kwa simu. Nilimwambia aweke poti 1 na 2 kuwa tranki. Akafungua menyu, akaikuta tranki, akaweka. Baada ya dakika moja kompyuta za karakana zikaanza kupotea na kurudi, nyingine zikionana na utawala lakini zisionane na jirani aliye meza ya pili.

Katika vitabu vya swichi za Cisco, poti ya tranki ni ile inayobeba VLAN nyingi kwa lebo. Katika vile vya swichi za ProCurve za HP, tranki ni kebo kadhaa zilizofungwa pamoja zikahesabiwa kama moja. Watengenezaji wengine hufuata upande huu au ule. Upande wangu poti zilikuwa mbili zilizojitegemea, zenye lebo. Upande wake, kwa neno lile lile, zilikuwa fungu moja. Kompyuta ya karakana ilipotuma tangazo, lilifika utawala kwa kebo ya kwanza, na swichi kuu, isiyojua habari ya fungu, ikalirudisha karakana kwa kebo ya pili. Swichi ya karakana ikaona anwani ya kompyuta yake yenyewe ikiingia kutoka nje, ikaandika kwenye jedwali lake kwamba kompyuta hiyo sasa iko upande wa utawala, na jirani alipomtafuta akapelekwa huko. Nilipofungua jedwali la anwani za MAC nikaliona kwa macho: anwani moja, mara poti 6, mara kwenye fungu, mara poti 6 tena. Itifaki ya mti haikuziba chochote, kwa kuwa upande mmoja ulihesabu kebo mbili kuwa poti moja na haukuona kitanzi.

Tiba ilikuwa kuchomoa kebo ya pili, kupanga fungu pande zote mbili kwa itifaki ya LACP, kisha kuirudisha. LACP ilitoka katika kiwango cha 802.3ad cha mwaka 2000 na tangu 2008 imo katika 802.1AX. Ubora wake ni kwamba pande mbili hutumiana ujumbe kabla ya kuungana, na upande mmoja usipojibu, kebo haziingizwi kwenye fungu. Laiti tungeanza nayo, swichi ya karakana ingesubiri jibu na isingejifungia. Nimeongeza pia tahadhari kwamba fungu la kebo mbili haliongezi kasi ya mazungumzo ya vifaa viwili: swichi huchagua kebo kwa kukokotoa anwani, na mazungumzo hayo hubaki kwenye kebo ile ile tangu mwanzo hadi mwisho.

Jioni tulikaa watatu kuamua neno. Mwalimu alipendekeza "shina", na kwa sauti ni neno zuri. Nililikataa kwa sababu tayari tuna mti wenye mzizi katika ukurasa wa tatu, na msomaji akikuta shina katika ukurasa wa pili ataamini kwamba shina linatoka kwenye mzizi ule, ilhali ni mambo mawili yasiyohusiana. Tumeliacha neno tranki kabisa. Inayobeba VLAN nyingi inaitwa poti yenye lebo. Kebo zilizoungana zinaitwa fungu. Pembeni mwa kila neno nimeandika linavyoonekana kwenye menyu ya kila mtengenezaji.

Wiki ya pili, Ijumaa

Kamera na simu zimepata umeme kupitia kebo ya mtandao. Hesabu ni fupi: kamera 9 za wati 6, simu 8 za wati 4, vituo 2 vya mtandao usiotumia waya vya wati 12, jumla wati 110, na swichi inaweza kutoa 185. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 huruhusu wati 15.4 kwenye poti, na kifaa kihesabu 12.95, kwa sababu nyingine hupotea njiani, 802.3at cha 2009 hufikisha 30. Mzee wa ulinzi aliogopa kushika kebo hizo. Nilimwonyesha kwamba swichi haitoi umeme huo mpaka imeulizia na kukuta upande wa pili ukinzani wa takriban kiloohmu 25, ambao kompyuta ya kawaida haina, wala mkono wa mtu hauwezi kujibu swali hilo kama kifaa kinavyojibu.

Wiki ya tatu, Jumanne

Kompyuta ya stoo ilikuwa ikifungua faili dogo kwa dakika tatu. Kaunta za poti yake zilionyesha migongano ya kuchelewa ikiongezeka kila nilipoitazama upya, na hapo jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Mtu aliyepita aliifunga kadi ya mtandao kwa mkono kwenye megabiti 100, dupleksi kamili. Swichi, inayojadiliana, haikupata wa kujadiliana naye. Kwa kusikiliza tu inaweza kutambua kasi, lakini dupleksi haiwezi kuitambua, na kanuni inaitaka ichukue nusu dupleksi. Upande mmoja ukawa unasema na kusikia kwa wakati mmoja, mwingine ukihesabu kila sauti ya mwenzake kuwa mgongano. Nilirudisha kadi kwenye majadiliano. Faili likafunguka mara moja, na mtunza stoo, aliyekuwa ameomba kompyuta mpya tangu mwaka jana, alikaa akilifunga na kulifungua tena.

Wiki ya tatu, Alhamisi

Asubuhi nusu ya maabara ilipoteza intaneti. Kompyuta zilizopotea zilikuwa na anwani za 192.168.0, ambazo hatuzitumii popote. Kulikuwa na ruta ngeni inayogawa anwani kwa DHCP, na kompyuta huchukua jibu la kwanza linalofika.

Hapa ndipo swichi inayosimamiwa inalipa gharama yake. Nilichukua anwani ya MAC ya ruta hiyo kutoka kwenye kompyuta moja iliyodanganywa, nikaiuliza swichi iko wapi, ikajibu: poti 11. Tukaenda moja kwa moja. Kijana mmoja alikuwa ameleta ruta ya nyumbani ili wenzake wapate mtandao kwenye simu zao. Alisimama, akasema, "Shikamoo Mwalimu, sikujua kama itawaathiri wengine." Mwalimu aliitikia, akamwonyesha kwenye skrini jinsi alivyopatikana, na kijana akaomba aelezwe tangu mwanzo. Tulitumia nusu saa naye.

Kisha tukawasha ukaguzi wa DHCP. Poti ya faiba, inakotoka seva halali, imetangazwa kuwa ya kuaminika. Jibu la DHCP likiingia kwa poti nyingine yoyote, hutupwa hapo hapo. Tuliirudisha ruta ya kijana kwenye poti 11 kujaribu, na hakuna kompyuta iliyobadilika.

Wiki ya nne, Jumatatu

Makabidhiano. LLDP imewashwa, na kila swichi hutangaza jina lake kwa jirani kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo ramani niliyochora kwa mkono wiki ya kwanza sasa inaweza kuhakikiwa na swichi zenyewe. SNMP, itifaki ya kufuatilia hali ya swichi kutoka mbali, ni ya toleo la 3 peke yake, kwa kuwa matoleo yaliyotangulia hupitisha neno la kuingilia bila kulisimba. Nakala za usanidi za swichi zote nne zimo kwenye kompyuta ya mwalimu, na nakala nyingine imo kwenye bahasha katika kabati la mkuu wa chuo.

Kazi iliyobaki ni UPS ya kabati la maabara na plagi sita za dirisha la bahari ambazo hazijafika. Kurasa ni tano. Chini ya ukurasa wa tano niliacha nafasi tupu, na leo nilipofungua mlango wa kabati kuchomoa kebo yangu ya konsoli nilikuta mwalimu ameandika humo kwa kalamu ya bluu: "Maabara, poti 14. Kasi imeshuka hadi 100. Nimeizima kwa muda. Plagi upande wa dirisha, kibati cha saba, kijani. Nimehifadhi usanidi."